Mshtakiwa atoe ushahidi au akae kimya? Nani aamue, lini, na kwa kigezo gani

Ndugu wa mshtakiwa huwa na jibu tayari: kama hukufanya, simama useme. Nje ya mahakama wana haki ya kufikiri hivyo, maana mtu anayenyamaza akishutumiwa huonekana amekubali. Kesi ya jinai imejengwa kwa mpango mwingine. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha kila kipengele cha kosa pasipo kuacha shaka ya maana, na mshtakiwa anaweza kuachiwa huru bila kutamka neno. Hatia au usafi wake hautoshi kuamua kama asimame. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama kuna jambo ambalo mahakama inalihitaji ili imwachie, na ambalo hakuna mwingine awezaye kulisema ila yeye. Likiwepo, linafuata swali la pili: akilisema, atafungua milango gani ambayo hadi sasa imefungwa?

Maswali hayo mawili hayajibiki siku ya kukamatwa, wala siku ya kusomewa mashtaka. Hujibika baada ya mashahidi wa mashtaka kumaliza. Lakini maandalizi ya kuyajibu huanza siku ya kwanza, na hapo ndipo kesi nyingi huharibika.

Njia tatu, na uzito wake

Kwa karne kadhaa sheria ya Uingereza haikumruhusu mshtakiwa kutoa ushahidi kabisa. Ilichukuliwa kwamba mtu mwenye maslahi katika kesi hawezi kuaminika hata akiapa. Jimbo la Maine nchini Marekani lilibadilisha hilo mwaka 1864, mahakama za shirikisho za Marekani zikafuata 1878, na Uingereza yenyewe 1898. Georgia ilichelewa kuliko majimbo yote ya Marekani: hadi 1961, kesi ya Ferguson ilipofika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, mshtakiwa huko aliweza tu kujieleza bila kiapo, na wakili wake hakuruhusiwa hata kumuuliza maswali ya kumwongoza katika maelezo yake.

Maelezo bila kiapo ni masalia ya zama hizo. Mtu asiyeruhusiwa kuapa alipewa angalau nafasi ya kusema yake. Uingereza iliyafuta mwaka 1982 na Afrika Kusini katika sheria yake ya 1977, lakini Kenya, Uganda na Tanzania bado zinayo. Kwa hiyo mshtakiwa katika mahakama hizi, akishaambiwa ana kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa mashtaka unatosha kumtaka ajitetee, huwa na njia tatu: kuapa (au kutoa tamko rasmi badala ya kiapo) na kutoa ushahidi, kujieleza bila kiapo, au kukaa kimya. Katika zote tatu anaweza kuita mashahidi wake.

Watu wengi huipenda njia ya pili kwa sababu hakuna maswali ya dodoso, yaani yale ya upande wa pili ya kupima maneno ya shahidi. Mwendesha mashtaka hawezi kumgusa. Bei yake ni uzito mdogo. Nchini Kenya, uamuzi wa May dhidi ya Jamhuri wa 1981 ulieleza kwamba maelezo yasiyo na kiapo si ushahidi kwa maana kamili ya neno hilo. Mahakama itayazingatia pamoja na ushahidi wote, lakini nguvu yake ni ya kushawishi na si ya kuthibitisha. Maelezo ambayo hayakupimwa kwa maswali, yakiwekwa mbele ya shahidi wa mashtaka aliyedodoswa nusu siku na hakuyumba, mara nyingi hayatoshi. Yanafaa pale upande wa mashtaka wenyewe umeacha pengo kubwa na mshtakiwa anataka tu kukana kwa sauti yake, bila kujiweka hatarini. Hayafai pale utetezi wote unasimama juu ya neno lake.

Kuna mfano ambao kila mtu ameusikia bila kuuona kama uamuzi wa kisheria. Tarehe 20 Aprili 1964, katika kesi ya Rivonia mjini Pretoria, Nelson Mandela hakuapa. Alisoma maelezo yake kizimbani kwa saa kadhaa, na hakuna aliyeweza kumkatiza kwa maswali. Mawakili wake walijua kwamba maelezo hayo yangekuwa na uzito mdogo kama ushahidi, na yeye alijua pia. Walter Sisulu, mshtakiwa mwenzake, aliapa na kudodoswa na mwendesha mashtaka Percy Yutar. Mandela alikuwa amekubali kwamba alipanga hujuma; hakuwa anatafuta kuachiwa kwa hoja ya ushahidi. Alitaka ulimwengu usikie sababu zake zikiwa nzima. Chombo alichokichagua kililingana na lengo lake, na mtu mwenye lengo la kuachiwa huru angepaswa kufikiri mara mbili kabla ya kukiiga.

Kimya hakina bei moja kila mahali

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kukaa kimya na kutotoa ushahidi wakati wa kesi. Marekani, tangu kesi ya Griffin ya 1965, mwendesha mashtaka haruhusiwi kuliambia jopo la raia (watu wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) kwamba kimya cha mshtakiwa ni dalili ya hatia, na tangu 1981 jaji akiombwa lazima aliagize jopo lisikitumie kimya hicho dhidi yake. Uingereza ilikwenda upande mwingine. Sheria ya 1994 inaliruhusu jopo kufikia hitimisho linalostahili kutokana na mshtakiwa kukataa kutoa ushahidi, ingawa haiwezi kumtia hatiani kwa kimya peke yake. Tanzania nayo inairuhusu mahakama kumfikiria vibaya mshtakiwa aliyechagua kunyamaza, na upande wa mashtaka kuligusia jambo hilo katika hoja zake.

Kwa hiyo ushauri wa “nyamaza tu, sheria inakulinda” unaweza kuwa sahihi Nairobi na hatari London. Wakili anayeutoa lazima ajue anasimama chini ya sheria gani.

Hata pale sheria inapomlinda kabisa, kuna kesi ambazo kimya huuma. Ya kwanza ni ya mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita. Mahakama inaweza kuhitimisha kwamba yeye ndiye mwizi au mpokeaji wa mali ya wizi, isipokuwa atoe maelezo yanayoweza kuwa ya kweli. Hatakiwi kuyathibitisha, inatosha yawe na mashiko. Lakini lazima yatoke mahali fulani, na kama hakuna risiti wala shahidi wa mauzo, yatatoka kwake. Ya pili ni kujihami. Mashahidi wanaweza kusema nani alianza na nani alishika nini. Alichokiogopa mshtakiwa katika sekunde ile kimo kichwani mwake. Ya tatu ni kesi ambapo tendo halibishaniwi na kilichobaki ni nia: alihamisha fedha, ndiyo, lakini alidhani ana idhini? Nyaraka zinaweza kuonyesha aliambiwa nini, lakini aliielewaje barua ile atasema mwenyewe.

Mwaka 2021 huko Kenosha, Wisconsin, nchini Marekani, Kyle Rittenhouse, kijana aliyeua watu wawili kwa risasi, alitoa ushahidi katika kesi ya mauaji ambayo ubishi wake wote ulikuwa kujihami. Kulikuwa na video nyingi za tukio. Video zilionyesha miendo ya watu, naye akaeleza hofu yake, na jopo likamwona hana hatia katika makosa yote. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu kesi ile. Kwa mpango wa utetezi, lilikuwepo pengo ambalo yeye tu angeliziba, na alichokisema kililingana na picha ambazo jopo lilikuwa limeshaziona.

Ambapo ushahidi wa mshtakiwa hauhitajiki ni pale ubishi uko kwenye kazi ya upande wa mashtaka: utambuzi wa gizani, mnyororo wa kielelezo (rekodi ya nani alikishika na lini) uliokatika kati ya kituo cha polisi na maabara, shahidi mmoja anayejipinga. Hapo silaha ni maswali ya dodoso kwa mashahidi hao. Mshtakiwa akisimama, macho yote huhama kutoka kwenye udhaifu wa mashtaka na kumgeukia yeye. Kesi iliyokuwa inauliza “je, wamethibitisha?” inageuka kuwa “je, tunamwamini huyu?” Kisheria swali halikupaswa kubadilika, lakini ndivyo akili za watu zinavyokwenda, za majaji zikiwemo.

Na kumwamini mtu kwa kumtazama ni jambo gumu kuliko tunavyojidanganya. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2006, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, ulikuta kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa takriban asilimia 54, yaani kidogo tu juu ya kurusha sarafu. Mtu mwoga, mwenye kigugumizi, anayeongea kupitia mkalimani au asiyezoea kumtazama mkubwa machoni anaweza kuonekana mwongo huku anasema kweli tupu.

Milango inayofunguka

Mlango mkubwa kuliko yote ni rekodi ya makosa ya zamani. Kwa kawaida mahakama haiambiwi kwamba mshtakiwa aliwahi kufungwa. Chini ya kanuni za shirikisho za Marekani, akitoa ushahidi, makosa yake ya zamani yanaweza kuletwa ili kupunguza uaminifu wake. Yale ya udanganyifu huingia karibu moja kwa moja, na yaliyopita miaka kumi ni magumu zaidi kuingiza. Katika mahakama zilizorithi sheria ya ushahidi ya Kiingereza, kichocheo cha kawaida ni mdomo wa mshtakiwa mwenyewe: akisema hajawahi kugusa cha mtu, au akimshambulia shahidi wa mashtaka kwa tabia yake, mwendesha mashtaka anaweza kupata ruhusa ya kumuuliza kuhusu tabia yake naye. Sentensi moja ya kujisifu, ambayo wakili hakuiuliza, inaweza kuingiza hukumu ya miaka kumi iliyopita.

Utafiti wa John Blume uliochapishwa 2008 uliwaangalia Wamarekani waliofungwa kimakosa na baadaye kuokolewa na DNA. Karibu wanne kati ya kumi hawakutoa ushahidi katika kesi zao, na kati ya hao walionyamaza, idadi kubwa mno walikuwa na hukumu za zamani. Watu wasio na hatia walinyamaza kwa kuhofia historia yao. Anayesema kwamba asiye na kosa hana cha kuogopa aitazame picha hiyo.

Mlango wa pili ni maelezo ya polisi. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa aliyoyatoa kwa polisi, yaliyokataliwa na mahakama kwa sababu ya utaratibu yanaweza kurudi kwa njia nyingine. Marekani iliamua katika kesi ya Harris ya 1971 kwamba maelezo yaliyochukuliwa bila mtuhumiwa kuonywa kuhusu haki zake hayawezi kutumika kuthibitisha kosa, lakini akisimama na kusema kinyume chake, anaweza kuulizwa kuyahusu ili kuonyesha kwamba anajipinga. Wakili aliyeshinda pingamizi katika kesi ndogo ndani ya kesi, ile ya kuamua kama maelezo hayo yapokelewe, anapaswa kujua kama ushindi huo utadumu mteja wake akiapa.

Tatu, mshtakiwa anaweza kuziba pengo la mashtaka kwa ukarimu wake mwenyewe. Shahidi hakuweza kusema kama alikuwepo, yeye anasema, “Nilikuwepo ila sikugusa.” Kuanzia hapo uwepo wake umethibitishwa, na rufani itausoma ushahidi wote pamoja na huo. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na katika mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu rasmi za mahakama, hilo huandikwa neno kwa neno.

Mwisho ni adhabu. Jaji akiona kwamba mshtakiwa aliapa na kusema uongo wa makusudi, anaweza kulizingatia hilo anapohukumu. Marekani iliridhia hilo katika kesi ya Dunnigan ya 1993. Sam Bankman-Fried, mwanzilishi wa soko la sarafu za kidijitali la FTX, alitoa ushahidi Oktoba 2023 na kutiwa hatiani; alipohukumiwa miaka 25 mwezi Machi 2024, Jaji Lewis Kaplan alisema wazi kwamba alidanganya chini ya kiapo.

Uongo, hata hivyo, haumgeuzi mtu kuwa mwenye hatia papo hapo. Katika kesi ya Oscar Pistorius, mwanariadha wa Afrika Kusini aliyemuua mpenzi wake kwa risasi, Jaji Thokozile Masipa alisema mwaka 2014 kwamba mshtakiwa alikuwa shahidi mbaya sana, kisha akaeleza kwamba haifuati kwamba aliyesema uongo lazima ana hatia. Alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ilibadilisha kuwa kuua kwa kukusudia. Tatizo la ushahidi wake lilijulikana na kila aliyefuatilia: wakati mmoja alifyatua risasi kwa kuamini anajilinda dhidi ya mvamizi, wakati mwingine alifyatua kabla ya kufikiri. Utetezi mmoja unadai alifikiri na kuogopa. Mwingine unadai hakukusudia kufyatua. Haviwezi kukaa pamoja, na kama vilipaswa kuchaguliwa, vilipaswa kuchaguliwa ofisini kwa wakili, miezi mingi kabla.

Nani mwenye neno la mwisho

Sheria ya Marekani imeligawa hili kwa uwazi kuliko nyingi, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunzia. Mshtakiwa anaamua mwenyewe kama atakiri au atakana, kama atakubali kuacha jopo la raia, kama atatoa ushahidi, na kama atakata rufani. Wakili anaamua mashahidi gani waitwe, maswali gani yaulizwe, pingamizi gani zitolewe. Mwaka 2018, katika kesi ya McCoy dhidi ya Louisiana, Mahakama Kuu iliongeza jambo kubwa kwa kura 6 dhidi ya 3: wakili aliliambia jopo kwamba mteja wake aliua, akitumaini kumwokoa na adhabu ya kifo, huku mteja akipinga kwa nguvu zote na kusema hakuwepo. Hukumu ilifutwa. Lengo la utetezi ni la mshtakiwa. Namna ya kulifikia ni ya wakili. Miaka 14 kabla, mahakama hiyohiyo ilikuwa imekubali mkakati wa aina hiyo ambapo mteja alielezwa na hakusema ndiyo wala hapana. Tofauti ilikuwa pingamizi la mteja. Mshtakiwa asiyekubaliana na mpango aseme, na aseme kwa maneno yanayoweza kuandikwa.

Mgawanyo huo ni wa busara hata pale ambapo sheria haikuuandika hivyo. Anayekwenda jela ndiye anayestahili kuamua kama atasimama na kusema. Lakini mshtakiwa anayetaka kuchagua kila swali la dodoso huwa anaamua kwa hasira: anataka shahidi aulizwe kwa nini anamchukia, swali ambalo humpa shahidi nafasi ya kueleza kwa nini, kwa dakika kumi, bila kukatizwa.

Kuna jambo moja ambalo mshtakiwa hawezi kuliamuru. Hawezi kumtaka wakili amsaidie kusema uongo. Kesi ya Nix ya 1986 ilisema hakuna haki ya kusaidiwa kufanya hivyo, na kanuni za uwakili karibu kila mahali ziko hivyo.

Anaongozaje utetezi kabla hajafungua mdomo

Hapa ndipo mshtakiwa ana nguvu kubwa kuliko anavyofahamu, na ndipo tunaposikitika zaidi tukisoma mienendo ya kesi. Tangu uamuzi wa Browne dhidi ya Dunn wa 1893, mahakama za mfumo wa Kiingereza hutarajia kwamba kama utetezi una toleo lake la tukio, shahidi wa mashtaka ataulizwa kulihusu akiwa bado kizimbani. Shahidi wa kwanza anasema alimwona mshtakiwa saa mbili usiku. Wakili anamuuliza kuhusu mwanga na umbali, anakaa. Miezi sita baadaye mshtakiwa anasema shahidi huyo alikuwa na deni lake na ndiyo sababu alimsingizia. Hukumu itaandika kwamba jambo hilo halikuulizwa kwa shahidi, kwa hiyo ni utetezi uliobuniwa baadaye. Huenda ni kweli tupu. Wakili hakuliuliza kwa sababu hakuambiwa.

Kwa hiyo, kabla shahidi wa kwanza hajaapa, wakili awe na haya kutoka kwa mteja: mfululizo wa matukio kwa tarehe na saa, kuanzia siku chache kabla ya tukio hadi kukamatwa, nakala ya maelezo ya kila shahidi wa mashtaka, pembeni pakiwa pameandikwa kila sentensi anayoipinga na sababu, uhusiano wake na kila shahidi, pamoja na ugomvi, mkopo, mapenzi na ardhi, na yale anayoyaonea aibu. Hayo ya mwisho ndiyo yanayofichwa zaidi, na ndiyo mwendesha mashtaka huyapata.

Kama anadai alikuwa mahali pengine, aseme mapema. Nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, zinataka taarifa itolewe kabla, na hata mahakama inapokubali kuusikia utetezi huo uliochelewa inaweza kuupa uzito mdogo. Mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha kwamba alikuwa kwingine. Ni mashtaka yanayopaswa kuthibitisha kwamba alikuwepo. Lakini ushahidi wa kusaidia huoza haraka. Kamera nyingi za ulinzi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Rekodi za simu hutakiwa kuombwa kwa amri ya mahakama, na mashahidi huhama. Anayeyajua hayo yote ni mshtakiwa, na mara nyingi yuko mahabusu akisubiri aulizwe.

Ndani ya chumba cha mahakama mpango rahisi unafanya kazi: kalamu na karatasi. Mshtakiwa anaandika mambo ambayo ni yeye tu anayaona si kweli, mfano “mlango ule unafunguka ndani”, na kumpa wakili kabla hajamaliza maswali. Kumvuta wakili joho au kumnong'oneza wakati shahidi anajibu humkosesha wakili jibu lenyewe.

Akiamua kusimama

Uamuzi ufanywe mashtaka yakishafunga, na hoja ya kutokuwa na kesi ya kujibu ikishatolewa na kukataliwa. Uingereza humtaka mshtakiwa kwa kawaida atangulie mashahidi wake wengine wa tukio, ili asije akalinganisha maneno yake na yao. Marekani iliona mwaka 1972 kwamba kumlazimisha atangulie kunamnyima haki ya kuamua kwa kujua. Pale penye hiari, wakili mzuri huuliza kwanza kama mashahidi wengine wa utetezi wanaweza kuziba pengo bila yeye.

Maandalizi nayo yana mipaka. Marekani wakili anaweza kumfanyia mteja majaribio ya maswali ya dodoso. Uingereza, tangu kesi ya Momodou ya 2005, kumfanyisha shahidi mazoezi juu ya kesi yake mwenyewe hakuruhusiwi, ingawa anaweza kuzoeshwa utaratibu. Kokote, hakuna anayeruhusiwa kumwambia aseme nini.

Yanayoruhusiwa ni haya. Asome upya maelezo yake yote ya zamani, kwani ndiyo yatakayosomwa kwake. Ajibu swali lililoulizwa, aishie hapo. Ukimya unaofuata jibu ni mtego wa mwendesha mashtaka, na wengi huujaza. “Sijui” ni kwa kitu ambacho hakuwahi kukijua, “sikumbuki” ni kwa alichokijua kikampotea. Akizichanganya ataonekana anakwepa. Asikisie umbali wala dakika. Akiulizwa kama shahidi fulani ni mwongo, inatosha kusema anachokumbuka yeye; kazi ya kupima uongo si yake. Akionyeshwa waraka, aombe kuusoma kwanza. Akigundua amekosea, asahihishe palepale, kwa sababu kosa lililosahihishwa dakika mbili baadaye halina madhara ya kosa lililofichuliwa na upande wa pili.

Maswali ya dodoso ya kumfunga mtu hayaji kwa ukali. Huja madogo, ya ndiyo au hapana, kila moja likiwa kweli: ulikuwa na ufunguo, hakuna mwingine aliyekuwa nao, mlango haukuvunjwa. Mshtakiwa anayeona yanakoelekea huanza kubishana na ukweli mdogo ili kuukwepa mkubwa, na hapo hupoteza vyote. Akubali yaliyo kweli haraka. Wakili wake atapata nafasi ya kumhoji tena na kumruhusu aeleze.

Asiye na wakili

Marekani ilitambua haki ya kujiwakilisha mwaka 1975 katika kesi ya Faretta, na 2008 ikaruhusu majimbo kuikatalia kwa mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa akili hata kama anaweza kushtakiwa. Slobodan Milošević, rais wa zamani wa Serbia, alijiwakilisha mbele ya mahakama ya Yugoslavia ya zamani mjini The Hague kuanzia 2002 hadi alipofariki 2006. Hao walichagua. Wengi duniani hujiwakilisha kwa sababu hawana fedha, na kwao ushauri wa kupata wakili hauna maana kama serikali haiwapi.

Kosa lao la kawaida ni kugeuza maswali kuwa hotuba. “Wewe unajua kabisa sikuwepo, siku hiyo nilikuwa kwa mjomba” si swali, na pia si ushahidi, kwa sababu hakuapa. Aulize moja moja: uliniona kwa umbali gani, taa ilikuwa wapi, ulimtajia polisi jina langu siku ile? Kisha yaliyo yake ayaseme zamu yake ikifika. Aombe mapema nakala za maelezo ya mashahidi, na ajue kuna mambo hatafanya mwenyewe. Uingereza, kwa mfano, humzuia mshtakiwa wa kosa la kingono kumdodosa mlalamikaji kwa kinywa chake tangu sheria ya 1999, na mahakama huteua wakili kwa ajili ya maswali hayo.

Mwenye wakili na asiye naye wahakikishe kitu kimoja kimeandikwa. Mwenendo wa kesi uonyeshe kwamba mshtakiwa alielezwa njia zake, kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liwe limeandikwa kama alivyolitoa. Wakili aweke pia barua fupi kwenye faili, yenye ushauri aliotoa, hatari alizozitaja na uamuzi wa mteja, na mteja atie sahihi. Hakimu akipita moja kwa moja kutoka “ana kesi ya kujibu” hadi “utetezi uanze”, wakili asimame hapohapo aombe maelezo hayo yatolewe. Likiachwa hadi rufani, mabishano yatakuwa juu ya nini kilisemwa siku ambayo hakuna aliyeiandika.